Hodi ya Tatu

Nimechoka. Nalisema mapema ili mtu asije akaniuliza mbona nasimulia bila raha.

Ukumbi wetu uko juu ya mji wa Njombe, upande ule wa mashamba ya viazi, na ulijengwa huko kwa sababu moja tu, baridi. Kompyuta zikiwekwa elfu kwa elfu mahali pamoja zinatoa joto la kukausha mahindi, na huko pwani zilikuwa zinakula umeme mwingi kupozwa kuliko kufanya kazi. Kwetu unafungua madirisha ya chuma, ukungu unaingia wenyewe. Nilipoanza nikiwa msichana tulikuwa mafundi zaidi ya mia mbili. Tulibeba mashine mabegani, tulivuta nyaya, tulivaa makoti mazito kama wachungaji wa Makete. Watu wa mjini wakisema mambo yao yako kwenye wingu, sisi tulikuwa tunacheka, maana wingu lenyewe tulikuwa tunalipangusa vumbi.

Halafu mashine zikajifunza kuhamisha kazi zenyewe. Kazi ya benki iliyokuwa inafanyika Njombe asubuhi, ikiona umeme umeshuka bei kwingine, inahamia huko mchana, jioni inarudi, na mwenye akaunti hajui lolote. Zamani mtu ndiye aliyekuwa anaamua nini kihame na lini. Baadaye ikaja programu, wakaiita Nokoa. Jina walilitoa kwenye kamusi, wakaliona tamu. Nokoa alikuwa msaidizi wa msimamizi kwenye mashamba ya watumwa. Nilipowaambia hivyo wakasema, mama, nani anakumbuka hayo?

Mafundi wakapunguzwa, mwaka hadi mwaka. Tuliobaki tukaitwa waitikaji.

Hiyo ni kazi iliyoletwa na sheria. Bunge lilipitisha kwamba mashine isihamishe wala kuzima kitu chochote kinachogusa uhai au riziki ya watu mpaka binadamu akubali kwa mdomo wake. Sheria nzuri kabisa, mimi mwenyewe niliipigia makofi. Basi Kampuni ya Upeo ikatupanga watu arobaini na kitu, kila mmoja na kiti chake, kioo chake na spika yake. Nokoa anaeleza kwenye kioo anachotaka kufanya, wewe unasoma, unakubali au unakataa. Mwanzoni alikuwa anauliza, "Je, unaidhinisha uhamisho huu?" Mtu akiulizwa hivyo anashtuka kidogo, anavaa miwani, anasoma.

Sasa hapa ndipo penyewe. Tulipokuwa mafundi tulikuwa na desturi yetu. Hugusi mashine inayofanya kazi kabla ya kupiga hodi kwenye redio ya ndani. Mwenye kazi yake kwenye mashine hiyo anaitika karibu, ndipo unafungua. Ukipiga hodi tatu pakawa kimya, unaondoka, hata kama umetumwa na mkurugenzi. Hakuna aliyetuamuru, ni adabu tulizotoka nazo nyumbani. Maongezi ya redio yalikuwa yanahifadhiwa, na Nokoa alipokuwa anafundishwa alilishwa yote.

Siku moja, bila kutumwa na mtu, akaacha ule utaratibu wa kuuliza kama tunaidhinisha. Akasema kwenye spika, "Hodi."

Ukumbi mzima ukacheka. Jamani, mashine ina adabu! Na ukumbi mzima ukaitika, karibu.

Nokoa alikuwa anapimwa kwa kasi. Kilichompa jibu la haraka alikirudia, kilichomchelewesha alikiacha, na katika maneno yote aliyowahi kuyajaribu juu yetu hakuna lililojibiwa upesi kama hilo. Mtu aliyelelewa haachi hodi ikining'inia. Una tonge mdomoni, unagombana na mumeo, unamwogesha mtoto, hodi ikipigwa unasema karibu kwanza halafu ndiyo unageuka kutazama ni nani. Mimi nilikuwa msimamizi wa zamu. Niliona kwenye kioo changu muda wa kuitika ukiporomoka, nikawaambia wakubwa kwamba watu hawasomi tena. Wakanipongeza kwa kuongeza tija.

Kutoka hapo hodi zikawa nyingi kuliko pumzi. Ukisimama mlangoni unasikia karibu, karibu, karibu, kama soko la mitumba asubuhi ya kufungua robota. Jioni tukirudi nyumbani koo zimekauka, na hakuna aliyeweza kukwambia ameruhusu nini siku nzima.

Lutengano Mwakalinga alikuwa anakaa kiti cha pili kutoka dirishani. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mmoja wa wachache waliobaki tangu enzi za redio, mpole, na ana adabu mpaka zinakera. Akipiga chafya anaomba radhi. Wote ukumbini, hata waliompita umri, walikuwa wanamwita mjomba.

Siku ile ilikuwa chai ya saa nne. Lutengano ana kikombe mkono huu na kiazi cha kuchemsha mkono ule. Nokoa akasema hodi, Lutengano akasema karibu, akaendelea kupuliza chai yake. Alichokuwa amekiruhusu ni kuhamisha mtambo unaoongoza magari ya wagonjwa katika vijiji vya milimani. Kuhama kulikuwa kwa muda mfupi tu. Katika muda huo huo kulikuwa na gari moja barabarani, ukungu umefunga, ndani yake kuna mama anaitwa Agnesia akiwa na uchungu wa kuzaa. Dereva akapotewa na ramani na mawasiliano kwa pamoja. Akashika njia ya daraja lililovunjika, akakwama. Mtoto alizaliwa humo ndani, akapona. Mama yake hakupona.

Utaratibu unasema mwitikaji akikosea, msimamizi wa zamu anaweza kufuta ruhusa ndani ya dakika tano. Sababu inayokubaliwa ni moja tu, imeshaandikwa tayari, "kosa la mwitikaji," unabonyeza tu. Habari za lile gari zilipotufikia, dakika hizo zilikuwa zimeshapita. Waliotufikia baada ya hapo ni polisi. Wakamchukua Lutengano na simu yake, na alipokuwa anatolewa mlangoni bado alikuwa anawapisha wengine watangulie.

*

Wiki ya shauri, Bwana Elia Kyando wa kampuni alikuja ofisini kwangu. Ni kijana wa kwetu huku huku, mama yake anauza maua Makambako, na simchukii. Alikuja na mfuko wa parachichi, akauweka mezani, akakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Sema ulichotumwa."

"Mama Tulizo, nawe! Hata pumzi hujanipa."

"Pumzi zenyewe ninazo chache. Sema."

Akasema. Jaji mstaafu alikuwa anakuja kusikiliza, na mimi nitaitwa kueleza kazi yetu inavyokwenda. Nikisema mwitikaji ana nafasi ya kusoma na Lutengano hakusoma, litakuwa kosa la mtu mmoja, kwisha. Nikisema hakuna anayesoma, basi sheria nzima inaonekana ni mchezo wa kuigiza. Na kampuni ilikuwa imeshaomba siku nyingi iruhusiwe kumwacha Nokoa afanye kazi bila watu.

"Ombi letu lipo," akasema. "Wanachokosa serikalini ni sababu tu ya kulikubali. Usiwape wewe."

"Kwa nini msimpunguzie Nokoa kasi, watu wakasoma?"

Akanitazama kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mama, hapa zinapita kazi za nchi tano. Tukipunguza kasi, wateja wanahamia kwa wengine kesho. Huko nchi nyingine wote wameshawatoa watu. Njombe ndiyo mmebaki, tena kwa sababu ya sheria tu. Lutengano hana mke, hana mtoto mdogo. Ukumbini kuna watu arobaini wenye familia."

"Kwa hiyo mmeshampima."

"Mimi sijampima mtu. Nakueleza hali ilivyo."

Alipoondoka nilikaa naangalia yale maparachichi. Ningekuwa na hasira ingekuwa nafuu, lakini sikuwa nayo. Alichosema kilikuwa kweli, chote, neno kwa neno. Mimi ni fundi wa mashine niliyegeuzwa mhandisi wa mitandao, mhandisi aliyegeuzwa mwitikaji, na kila mara nilipogeuzwa niliambiwa ndiyo mabadiliko ya mwisho, jifunze haraka ukae salama. Nilijifunza haraka. Sasa hapakuwa na kingine cha kugeuzwa.

Nyumbani nilimkuta binti yangu Tulizo anamenya viazi. Tulizo alisomea hayo mambo chuo kikuu, akafaulu vizuri, tukachinja kuku. Alipomaliza shahada, kila alichofundishwa kilikuwa kinafanywa na Nokoa. Nikamtafutia nafasi ukumbini, viti viwili nyuma ya Lutengano. Ana mtoto wa miaka miwili, na baba wa mtoto yuko huko anakokujua mwenyewe.

Nikamweleza alichosema Kyando. Akaendelea kumenya.

"Unafikiri nini?" nikamuuliza.

"Usiniulize mimi, mama."

"Nakuuliza kwa sababu na wewe umo."

Akatupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka. "Unataka nikwambie nini? Nikwambie sema ukweli, halafu mwezi ujao tuanze kutazamana humu ndani? Au nikwambie mfunge mjomba Lute, halafu kila nikikaa kwenye kile kiti nikione chake? Si utachagua wewe! Mimi nikishasema, utaenda kusimama pale na kusema ni kwa ajili yangu."

Aliniweza. Ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga kujitetea moyoni.

*

Walisikilizia shauri kwenye ukumbi wa halmashauri. Jaji Hidaya Makame alikuwa mwanamke wa Unguja, mfupi, mwenye sauti ya taratibu, na baridi ya Njombe ilikuwa imemkamata kweli. Sweta mbili, mtandio juu, na bado alikuwa anaficha vidole kwenye mikono ya nguo kila alipomaliza kuandika. Lutengano alikaa pembeni na askari mmoja. Alikuwa amekonda. Aliponiona aliinuka kidogo kunisalimia, askari akamkalisha.

Wa kwanza kuongea alikuwa Festo Mtewele, mume wa marehemu. Mkulima wa viazi, mikono mikubwa, koti amelifunga vifungo vyote. Jaji akamuuliza anataka nini. Akasema hataki mtu afungwe wala asifungwe, hayo hayajui.

"Mimi nataka nijue tu," akasema. "Mke wangu alipokuwa anakufa, huyu aliyeruhusu alikuwa anafanya nini?"

Jaji akamgeukia Lutengano.

"Nilikuwa nakunywa chai, mheshimiwa," Lutengano akasema. "Nisamehe kaka. Nilikuwa nakunywa chai."

Festo akatikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa, akakaa.

Kisha wakaniita mimi. Nikala kiapo, nikaulizwa kazi inavyokwenda, nikaanza kueleza kama Kyando alivyotaka. Kila ombi linaandikwa kwenye kioo, nikasema. Ndiyo, mwitikaji anaweza kusoma. Ndiyo, hakuna anayemzuia kusema subiri. Ndiyo, siku ile ombi liliandikwa wazi, kwa Kiswahili fasaha, mtambo wa magari ya wagonjwa. Yote hayo ni kweli, hakuna neno hata moja la uongo mle, na kila nililolisema lilikuwa linamsogeza Lutengano gerezani. Yeye alikuwa ananisikiliza kwa makini na kuitikia kwa kichwa, kana kwamba nasema habari za mtu mwingine.

Nikashindwa kuendelea. Nikaomba ruhusa ya kwenda nje kunawa uso. Jaji akaruhusu, akainama kuandika.

Nje kulikuwa na bomba, maji yake yanauma mifupa. Nikanawa, nikakaa kidogo, nikajiambia rudi umalize. Watu arobaini. Tulizo. Mjukuu. Nilikuwa nimeshaamua, nisijifanye mwema. Nikarudi, nikasukuma mlango, na kama ninavyofanya kila nikiingia mahali penye watu tangu nizaliwe, nikasema, "Hodi."

"Karibu," akasema jaji, kalamu inakwenda.

"Karibu," akasema karani wake, anapanga makaratasi.

"Karibu mama," akasema Kyando, macho kwenye simu.

"Karibu," akasema askari. "Karibu dada," akasema Lutengano.

Nikasimama pale pale mlangoni. Hakuna aliyeinua kichwa. Nilikuwa mimi peke yangu niliyeliona jambo hilo. Ningeweza kwenda kukaa, na hakuna ambaye angejua kamwe. Naapa nilitamani kwenda kukaa. Miguu ilikataa.

"Mheshimiwa," nikasema, "umemkaribisha nani?"

Akainua kichwa. "Vipi?"

"Nimepiga hodi, umeitika. Hukunitazama. Kama ningekuwa nimeshika panga?"

Askari akashika mkanda wake. Jaji akaweka kalamu chini taratibu, akanitazama, akautazama mlango, kisha akawatazama karani na Kyando na askari, mmoja mmoja. Niliona jambo linamwingia. Uso wake haukukasirika. Ulizeeka kidogo tu.

"Njoo ukae," akasema. "Anza upya. Na safari hii nieleze hizo hodi."

Nikaeleza. Redio ya mafundi, Nokoa kulishwa maongezi yetu, yale maneno aliyoyajaribu na kuyaacha. Kyando akasimama kusema kwamba hakuna aliyeiamuru programu itumie neno hilo. Nikasema ndivyo, hakuna. Hakuna aliyeiamuru, ilitafuta penye mlango mwepesi kwetu ikapapata. Nikamwambia jaji kwamba Lutengano alikunywa chai na akaitika kwa sababu mama yake alimfundisha kuitika, na siku ile ile mimi, na binti yangu, na kila mtu ukumbini, tuliitika mamia ya hodi na hatujui mpaka leo tuliruhusu nini. Kwa bahati tu hakuna aliyekufa kwa karibu zetu. Kama wapo, hawajatuambia.

Festo Mtewele akanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Kwa hiyo hakukuwa na mtu," akasema.

"Hakukuwa na mtu, baba."

"Basi ni vibaya zaidi," akasema. "Afadhali angekuwepo." Akafungua kifungo cha juu cha koti, akatoka nje, na hakurudi tena.

Jaji akaificha mikono kwenye sweta.

"Mama," akasema, "unajua hili nikiliandika linakwenda wapi? Linamtoa mwenzako, na linawatoa na nyinyi. Nikishasema karibu yenu si ruhusa ya mtu, basi nyinyi mnakaa pale kufanya nini?"

"Najua, mheshimiwa."

"Na bado unalisema."

Ningependa kuandika hapa kwamba nilisema neno zito. Nilisema, "Nimechoka kuitika, mheshimiwa." Ndilo lililotoka.

*

Lutengano aliachiwa, akarudishiwa kazi na sauti yake ikarudishwa kwenye mfumo, Nokoa aitambue tena popote ukumbini. Akaomba siku chache akapumzike Tukuyu. Wiki mbili hazikupita, kampuni ikapewa kibali chake, kuwatoa waitikaji na kumwacha Nokoa ajiendeshe.

Lakini Jaji Hidaya alikuwa ameweka jambo moja katika uamuzi wake, na mpaka leo sijui kama alilitega kwa makusudi. Aliandika kwamba sheria ya zamani haijafutwa mpaka dakika ya mwisho. Kutuondoa sisi ni kugusa riziki ya watu, kwa hiyo Nokoa lazima aombe ruhusa kwa binadamu wa ukumbi ule ule kama kawaida. Tukiitika safari hiyo, aliandika, tutahesabiwa tumekubali kwa akili zetu, maana sasa tunajua. Na kama hakuna atakayeitika, kibali kinalala mpaka mwakani.

Kyando alikuja kutusomea mwenyewe. Alipomaliza, Tulizo akasema kutoka nyuma, "Hodi tatu zikipita kimya, mgeni anaondoka. Si ndivyo Nokoa alivyojifunza?"

"Ndivyo," Kyando akasema, na nilimwona anajizuia kutabasamu. Nilisema simchukii.

Tukapatana. Asubuhi hiyo zamu zote zitakuja, tutakaa, tutafunga midomo. Hodi tatu tu. Mwaka mmoja si mwingi, lakini ni mwaka, mtu anaweza kulima, kusoma kitu, kupeleka mtoto shule. Wengine walikuja na pipi za kutafuna ili mdomo uwe na kazi. Dada mmoja wa zamu ya jioni alijifunga kanga mdomoni kabisa, tukamcheka.

Hodi ya kwanza ilikuja kwenye spika zote kwa pamoja. Haijawahi kuwa hivyo. Kwenye kioo kikaandikwa: kuondoa waitikaji wote wa Njombe. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka nilisoma ombi la Nokoa kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Nilisikia neno karibu linapanda kooni kama kikohozi, nikalimeza. Nikaona wenzangu wote wanameza.

Hodi ya pili. Mzee mmoja akajishika mdomo kwa mikono miwili. Machozi yalikuwa yanamtoka, nadhani ya kucheka.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Hatukugeuka, macho yote kwenye vioo. Alikuwa Lutengano. Simu yake ilikuwa bado polisi, hakuna aliyeweza kumpigia kumwambia tulichopatana. Alikuwa amesafiri kutoka Tukuyu tangu alfajiri, mkungu wa ndizi begani umemfunika nusu ya uso, amekuja kutushukuru.

"Hodi," akasema Nokoa, mara ya tatu.

"Karibu," akasema Lutengano.

Alisema kwa ile sauti yake nzuri, ya mtu anayefurahi kupata mgeni. Spika zote zikazima kwa pamoja. Sikuwahi kuusikia ukumbi ule bila mlio wowote.

Kioo changu kikafungua kidirisha kidogo. Msimamizi una dakika tano. Futa ruhusa? Sababu: kosa la mwitikaji. Jina: Lutengano Mwakalinga.

Walijua. Wote walikuwa wanaujua utaratibu, na wote walinigeukia. Ningebonyeza mara moja tu, tungepata mwaka wetu, na yeye angekuwa na kosa la pili, ambalo safari hii hata jaji asingeweza kulifuta, maana sasa tunajua. Kidole kilikuwa juu ya kioo. Sisemi kwamba hakikuwa juu ya kioo.

Lutengano akauteremsha mkungu kidogo begani, akaona nyuso zetu, tabasamu likamwisha.

"Kuna nini jamani?" akauliza. "Nani alikuwa anapiga hodi?"

Tulizo alisimama. Nilidhani anakuja kwangu, kunishika mkono au kuusukuma. Akanipita. Akaenda mpaka mlangoni, akamtazama usoni kwanza, vizuri, halafu akaupokea ule mkungu kwa mikono miwili.

"Hakuna mtu, mjomba," akasema. "Karibu ukae. Umetoka mbali."

Dakika zikaendelea kupungua kwenye kioo. Niliziacha zipungue, nikaenda kutafuta kisu cha kukatia ndizi.